Mwanangu anasema “taka mai” tu: je, amechelewa?

Swali: Assalaam alaikum, dada. Mimi ni mama wa Langoni, Lamu. Kijana wangu ana miaka miwili na miezi minne. Anasema “taka mai” akitaka maji, “baba enda”, “punda lala”. Neno kamili kama “anaenda” hatoi. Binamu yake wa Malindi, aliyemzidi wiki tatu tu, anasema “mimi nataka maji ya baridi” na hadithi juu yake. Nyumbani tunasema Kiamu, Kiswahili cha hapa Lamu, babake ni Mgiriama na bibi yake wa Malindi humsemesha Kigiriama, na sasa ameanza nasari ambako anasikia Kiswahili cha vitabuni. Mwalimu anasema lugha zimemchanganya, tuchague moja. Tena akisema “zitu zangu” mwalimu humkosoa. Jirani naye anashauri akatwe kilimi. Likizo ya mwezi wa nane tulipanga tumpeleke kwa bibi yake Malindi, sasa naogopa. Nifanyeje?

Jibu: Wa alaikum salaam, dada yangu, wewe na kijana wako.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilijikuta natabasamu, uniwie radhi. Umeyapanga maneno ya mwanao kama ushahidi wa kesi, nami kila nikiusoma ushahidi huo namwona mshitakiwa hana hatia. Basi kabla sijafika kwa jirani na kilimi chake, nakuomba kitu kimoja: kwa wiki nzima acha kuhesabu anachokiacha huyu mtoto. Sikiliza asichokiacha.

Twaa neno “anaenda”. Kwetu wakubwa ni neno moja, latoka kwa pumzi moja. Ndani yake mna abiria wanne. Mbele kabisa amekaa “a-”, anayetwambia ni nani. Nyuma yake “-na-”, wa wakati. Kisha “-end-”, mzizi wenye shughuli yenyewe. Mwisho kuna ile irabu “-a”, ndogo, ya kudharaulika, ambayo watu wengi hawajui hata kwamba ina kazi. Mwanao amewashusha abiria wawili wa mbele, na wawili wa nyuma wamebaki chomboni. Lau angekuwa anakata neno popote ulimi unapochoka, siku nyingine ungesikia “ana” kisha kimya, siku nyingine “nae”, siku nyingine “ende” mahali pa “enda”. Umewahi kuyasikia hayo? Hukuyaandika, na nadhani hukuyaandika kwa sababu hayapo.

Wala si mwanao peke yake. Mtafiti Kamil Ud Deen aliwafuatilia watoto wanne wa Nairobi wanaokua na Kiswahili, akanasa mazungumzo yao, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 2005. Alichokikuta ni kwamba katika umri huu mtoto hatamki vitenzi vyake kwa namna moja. Mtoto yule yule hutoa neno kamili, “anaenda”. Hutoa lililokosa nafsi, “naenda”. Hutoa lililokosa wakati, “aenda”. Na hutoa mzizi na irabu yake tu, “enda”, kama wako. (Kwetu pwani “aenda” ni neno halali la mtu mzima, kwa hiyo mtafiti atakayekuja Lamu na daftari atakuwa na kazi ya ziada.) Vile viambishi viwili vya mbele huja na kuondoka. Lakini irabu ya mwisho watoto wale hawakuikosea, au waliikosea mara chache mno. Na kiambishi cha yule anayetendewa, kile “-ni-” cha “nipe” au “-m-” cha “mpe”, pale ambapo hapana budi kiwepo, walikiweka karibu kila mara.

Jaribu mwenyewe, hapahitajiki kifaa. Bibi akiwa nanyi, mchana akijilaza, mwanao atachungulia chumbani kisha aje akwambie: “bibi lala”. Usiku yeye mwenyewe akimtaka bibi aje kulala naye, tega sikio. Kuna uwezekano mkubwa utasikia “bibi lale”. Habari imeishia “-a”, ombi limeishia “-e”. Hana “a-”, hana “-na-”, hana “-me-”, lakini tofauti ya jambo lililopo na jambo linalotakiwa ameshaikamata, na ameitia kwenye silabi moja ya mwisho. Au mtazame akinyoosha mikono chini ya ngazi akitaka kupandishwa juu. Asema “nibebe”. Hasemi “nibeba”. Ilhali asubuhi umemwambia “beba kiatu chako”, kwa “-a”. Nani alimfundisha kwamba amri ikiingiliwa na “ni”, ile “a” ya mwisho hugeuka “e”? Si wewe. Mimi nimekaa na walimu watu wazima wanaoitumia kanuni hiyo kutwa, na ukiwaomba waieleze wanakuna kichwa.

Kwa nini basi neno lipukutike mbele? Jibu la haraka ni mkazo. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho: a-na-EN-da, a-na-LA-la. Sikio la mtoto hushika pale ngoma inapopigwa, na huko mbele pamefifia. Ni maelezo mazuri ila yana tundu. Katika “ananibeba” mkazo uko kwenye “be”, na “-ni-” haina mkazo wowote, kama vile “-na-” isivyokuwa nao. Mbona “-ni-” inabaki? Kwa hiyo sauti ni sehemu ya habari, si habari yote. Watoto wa Ujerumani nao hupita kipindi cha jirani na hiki: wanakisimamisha kitenzi bila nafsi wala wakati, katika umbo la kitenzi-jina, kana kwamba wetu angesema “baba kwenda”. Wetu hawasemi “baba kwenda”, wanashika mzizi na irabu. Maumbo mbalimbali, lakini inaonekana kuna hatua ambapo akili ya mtoto inaweza kujenga sentensi yenye mtenda na tendo kabla haijawajibika kulifunga tendo hilo kwenye saa.

Na sisi wakubwa hatuna usafi wa kumshitaki. Mgeni akiingia mlangoni wewe huulizi “amekuja?” kwa ukamilifu wake. Wauliza “mekuya?” Mtoto akiweka kijiko chini: “mekula?” Tunameza “a” na “u” za mbele mchana kutwa halafu tunashangaa mtoto hazioni.

Sasa nikwambie yatakayokuja, yasije yakakutisha. Katika miezi iliyo mbele huenda ukasikia “baba naenda”. Usidhani amejichanganya na babake. Ni “anaenda” ambayo imepata “-na-” yake na bado inasubiri “a-”. Kisha, akikaribia miaka mitatu au akiivuka, anaweza kukuharibia maneno aliyokuwa akiyasema sawasawa. Leo akimwita mwenziwe barazani anasema “ndoo!”, yaani njoo, vizuri kabisa, kama nyinyi. Baadaye siku moja atasema “kuya!”, kutoka kuja. Mtaona amerudi nyuma. Hakurudi nyuma. Ile “ndoo” ya mwanzo alikuwa ameimeza nzima kama kokwa, hajui ndani yake mna nini. Sasa ameshazoea kwamba amri hutoka kwenye kitenzi chenyewe, keti, simama, lala, na “kuya” ndicho kitenzi alichonacho, basi kwa nini amri isiwe “kuya”? Vivyo hivyo “usile” yaweza kugeuka “usikule”, kwa sababu kila mahali pengine amesikia “anakula”, “amekula”, “atakula”, na hiyo “ku” haonyeshwi sababu ya kuiondoa. Huko bara wakubwa wengi husema “kuja hapa” na “usikule” bila kuona haya, na mimi siwacheki. Walichofanya ni kuukubali uamuzi wa watoto.

Kosa la namna hii ndilo linalonifurahisha kuliko sentensi kumi sahihi, kwa kuwa sahihi inaweza kuwa ya kukariri. Mwaka 1958 Mmarekani Jean Berko aliwaonyesha watoto picha za vitu visivyokuwepo duniani, akavipa majina ya kubuni, kisha akawataka waseme vikiwa viwili. Wakasema, kwa kanuni ya lugha yao, neno ambalo hawakuwahi kulisikia kwa mtu. Mwanao akifika miaka minne umchezee mchezo huo. Chora kidudu chenye miguu mitatu, mwambie “hiki ni kipufu”. Chora cha pili. “Sasa ni viwili. Hivi ni nini?” Akikujibu “vipufu”, au kwa Kiamu chenu “zipufu”, utajua hajakariri orodha ya maneno, ana mtambo kichwani.

Hapo nimegusa ngeli, na mwalimu wa nasari.

Katika Kiamu “vi-” ya Kiswahili sanifu ni “zi-”. Zitu, zisu, zombo. Mtoto wa Langoni anayesema “zitu zangu” amepatanisha jina na kimilikishi barabara. Kosa lingekuwa “zitu yangu”. Mwalimu akimrudi kwamba aseme “vitu vyangu” anamfundisha lahaja nyingine, jambo ambalo si baya, litamfaa shuleni na kwenye mtihani, ila asimwambie kwamba amekosea. Mtoto wa miaka miwili hana namna ya kujua kama anachokosolewa ni lahaja au ni akili yake. Zungumza na mwalimu kwa upole, hapana haja ya ugomvi. Mwombe aseme tu: “Eeh, vitu vyako, viweke hapa,” aendelee na kazi. Mtoto atasikia. Watoto wa Lamu wamekuwa wakijua kwamba nyumbani ni “mato” na kitabuni ni “macho”, nyumbani “kitwa” na kitabuni “kichwa”, tangu hizo shule zianze. (Na mwalimu wa kutoka bara akisikia mwana wa Lamu asema “nateka”, ajue hachoti maji, anacheka.)

Kuhusu ngeli zenyewe, mwanao pengine anasema “kombe” kwa kikombe au “toto” kwa mtoto. Katherine Demuth, aliyekaa Lesotho mwanzoni mwa miaka ya 1980 akinasa mazungumzo ya watoto wanaojifunza Kisotho, ambacho ni Kibantu kama chetu, alieleza njia wanayopita: kwanza jina bila kiambishi, halafu kivuli cha kiambishi, irabu tu, kisha kiambishi kamili. Kwa Kiswahili ni kama “tabu”, “itabu”, “kitabu”. Ukisikia hiyo “i” ya katikati usiipuuze. Ni mtoto anayejua kwamba pale pana kitu na ameacha alama ya mahali pake, kama mtu anayeweka kanzu yake kwenye mkeka msikitini akaenda kutawadha. Nami nimesikia zaidi ya mara moja watoto wakisema “kombe changu”: jina halina “ki-”, lakini “changu” imefuata “ki-” isiyokuwepo. Sentensi ya maneno mawili, na mtoto anapatanisha na kiambishi alichokimeza.

Demuth huyo huyo alionyesha jambo ambalo kwetu halitamshangaza mama yeyote, ingawa liliwashangaza wataalamu wa Kiingereza. Watoto wa Kisotho walitumia kauli ya kutendwa kabla ya kutimiza miaka mitatu, umri ambao kwa Kiingereza wengi bado hawajaifikia. Sababu mojawapo ni kwamba Kisotho hakikuruhusu uulize “nani amekupiga” kwa mpangilio huo, yakupasa useme “umepigwa na nani”. Nasi, ijapokuwa sarufi yetu yaruhusu yote mawili, tunauliza nini mtoto akija analia kutoka uchochoroni? “Umepigwa na nani?” Ndiyo maana malalamiko ya watoto wetu huanza na “nimepigwa”, “nimenyang’anywa”, na jina la mkosaji huja baada ya kamasi kupanguswa. Wanaisikia kauli hiyo kila siku, tena katika saa ambazo wanajali sana.

Sasa: ufanyeje akisema “taka mai”? Mpe maji. Na unapompa sema: “Unataka mai? Haya, mama anakupa mai.” Basi. Usimwambie “sema nataka”, usimshikie kikombe juu mpaka atamke. Roger Brown wa Chuo Kikuu cha Harvard, na wenzake waliowafuata watoto watatu wa Kimarekani kwa miaka, walipotazama wazazi wanakosoa nini, walikuta kwamba wazazi hawakosoi sana sarufi. Wanakosoa ukweli. Hilo lilichapishwa mwaka 1970 na ukilitazama nyumbani kwako utaliona. Mwanao akisema “punda lala” na punda kweli amelala pale kivulini, wewe wajibu “eeh, amelala”, ingawa sentensi haina nafsi wala wakati. Akisema kwa ufasaha wote “punda amelala” na punda amesimama, utasema “hapana, hajalala huyo”. Watoto wengi wanakua chini ya usahihishaji wa namna hii na sarufi wanaipata. Ila tazama ulichofanya ulipojibu “eeh, amelala”: umemrudishia sentensi yake ikiwa na viungo vyote, papo hapo, akiwa bado anamtazama punda. Hakuna somo linaloshinda hilo.

Kingine, msemeshe yeye, si simu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walichapisha jaribio la watoto wachanga wa Marekani wa miezi tisa waliosikilizishwa Kichina. Waliocheza na mtu aliyewasemesha ana kwa ana waliweza kuzitofautisha sauti za lugha hiyo. Waliosikia maneno kama hayo kwenye video hawakujifunza. Katuni si sumu, lakini isihesabiwe kuwa ni mazungumzo.

Lugha tatu hazimchanganyi. Nasema wazi kwa sababu ushauri wa “chagueni moja” umezikausha nyumba nyingi, bibi akabaki kimya mbele ya mjukuu wake. Hesabu tu kwa haki. Kama anajua “mai” kwako, “madzi” kwa bibi, na ameanza “maji” nasari, hayo ni maneno matatu, na kichwa kilichoyabeba kinafanya kazi mara tatu kwa kitu kimoja. Ukimpima kwa Kiamu peke yake utamwona pungufu. Kilifi, jirani na Malindi, watafiti wametengeneza orodha za maneno ya watoto wadogo kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, zinazoulizwa kwa mdomo kwa mzazi, na wakaona kwamba hata mama asiyejua kusoma anaweza kueleza vizuri mwanawe anasema nini. Wewe ndiye mtaalamu wa kwanza wa mtoto huyu. Tena lugha zenu tatu ni ndugu. Zote zina ngeli, zote zina nafsi na wakati mbele ya mzizi. Anachojifunza kwa bibi kuhusu umbo la kitenzi kinamsaidia kwako.

Akichanganya maneno mawili ya lugha mbili kwenye sentensi moja, mwache. Na nyinyi wakubwa mnafanya hivyo mkiwa kwenye boti ya Mokowe.

Huyo binamu wa Malindi, Mungu amkuze. Watoto wa umri mmoja hupishana kwa miezi kadhaa na wote wakawa wazima, na wasichana kwa wastani hutangulia kidogo. Ila nikuchokoze: “mimi nataka maji ya baridi” yaweza kuwa sentensi iliyojengwa, na yaweza kuwa kokwa lililomezwa zima. Utajuaje? Msikilize akimsemea mtu mwingine. Akisema “bibi anataka maji”, “sisi tunataka”, ameijenga. Akisema “bibi nataka maji”, bado yuko safarini, pengine karibu kuliko unavyodhani na huyu wako. Ni vivyo hivyo kwa “sitaki”, ambayo kila mtoto anayo mapema kwa sababu za wazi. Peke yake haionyeshi kitu. Siku utakapomsikia “silali”, “siendi”, “sivai”, ndipo “si-” imekuwa mali yake.

Tuje kwenye hofu za kweli, kwa sababu zipo, na sitaki uondoke hapa na faraja tu. Ningekutuma hospitali bila kusubiri kama angekuwa hageuki ukimwita jina, kama angekuwa na maneno kisha akayapoteza, kama angefika miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, au kama haelewi maagizo mepesi yasiyo na ishara ya mkono. Jaribu la mwisho lifanye leo: mikono mgongoni, macho usiyapeleke popote, mwambie “lete kiatu cha baba”. Akileta, anaelewa sarufi nyingi kuliko anayoitamka, na hivyo ndivyo ilivyo kwa watoto wote. Wanaanza kusikiliza mapema mno. Jenny Saffran na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba mtoto wa miezi minane, akisikilizishwa mfululizo wa silabi kwa dakika mbili tu, huanza kutambua zipi huandamana na zipi hazina uhusiano. Mwanao amekuwa akikusikiliza hivyo tangu hajakaa sawa.

Ninachokuomba hata kama yote hayo ni mazima ni masikio. Hukuandika kama huumwa masikio, kama hutoka usaha, kama hupata mafua yasiyokwisha. Maji yakikaa nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto husikia kama aliye chini ya bahari, na vinavyozama kwanza ni vile viambishi vyepesi visivyo na mkazo. Ukiwa na shaka yoyote, nenda hospitali uombe apimwe kusikia. Usikubali kuambiwa “atasema tu” kabla ya kipimo hicho. Kama masikio ni mazima na hali ikabaki hivi hivi hadi miaka mitatu, “taka mai” bila nyongeza hata moja, niandikie tena, hapo nitakuwa na maneno mengine.

Kilimi. Mwambie jirani kwa adabu zote: hapana. Kilimi kiko nyuma kabisa ya kaakaa. Kukikata nyumbani au kwa mganga kunaleta damu na maambukizi, na watoto wameumia. Hakigusi sarufi hata kwa mbali. Mtoto anayesema “taka” na “lala” ameshatumia ncha ya ulimi kwa “t” na “l”, kwa hiyo hata wale watakaokwambia ulimi wake umefungwa chini, mwanao anawajibu mwenyewe. Kilimi chenyewe kitamfaa akifika chuoni kwenye herufi ya qafu, maalimu atakapomtaka aitoe kooni kama inavyopasa.

Chukua daftari dogo. Usiandike kila neno, utachoka siku ya pili. Andika vitenzi tu, vitano kwa siku, kama alivyovitamka, pamoja na alichokuwa anakitaka au anakitazama. “Enda, babake anatoka mlangoni.” “Lale, amtaka bibi.” Weka tarehe. Baada ya miezi miwili fungua ukurasa wa kwanza na wa mwisho uviweke pamoja. Mara nyingi mama huja kwangu na daftari hilo akitaka kunionyesha tatizo, na tukilifungua mezani tunaanza kuona “na-” imeingia wiki ya tatu, “a-” wiki ya sita, hakuna aliyeisikia ikiingia.

Na Malindi mpelekeni kama mlivyopanga. Bibi asibadilishe lugha yake kwa ajili yake. Akirudi Lamu akaomba madzi, mpeni mai.